Waya Usiopaswa Kupata Moto

Vijana wangu mnaofungua simu na redio pale mtaa wa Jabe, nianze kwa kuwaambia ugonjwa wangu. Siwezi kupita karibu na waya wa umeme bila kuugusa. Kazi nimeiacha, mikono imeanza kutetemeka, mke wangu amenifichia bisibisi zote, lakini ugonjwa haujaisha. Juzi kwenye harusi ya binti wa jirani watu wanacheza, mimi niko nyuma ya ukumbi kwenye jenereta, napapasa nyaya. Vijana wa ulinzi wakadhani naiba mafuta. Mke wangu akaja kunitoa kwa kunivuta shati, kama mtu anayerudisha mbuzi zizini.

Nagusa ganda, si shaba. Na nagusa kwa mgongo wa mkono, kwa sababu vidole vikishtuka hujikunja kwa ndani. Kiganja kitaukumbatia waya hata kama hutaki, lakini mgongo wa mkono utaruka. Hilo chukueni bure. Na kila ninapogusa natafuta waya mmoja tu, ule wa katikati unaoitwa netre, ambao jenereta ya nyaya tatu za moto ikipangwa vizuri unatakiwa kukaa baridi. Mara moja katika maisha yangu niliukuta umelainika kama ganda la ndizi iliyoiva sana, na tangu siku hiyo sijatulia.

Nilisoma mpaka mwaka wa pili wa sekondari. Shule ikafungwa kwa ajili ya vita, ikafunguliwa, ikafungwa tena, mama akachoka kufua sare isiyokwenda popote. Akanipeleka kwa Mzee Hamadi, Mwislamu wa Jabe aliyekuwa akisuka upya mota na transfo zilizoungua. Nilikuwa kijana wa kuota ndoto. Kila nilichokiona nilitaka kukifanya kiende kwa umeme, hata kinu cha kusagia muhogo cha shangazi. Mzee alinitazama siku ya kwanza akasema kwa Kiswahili chetu cha Bujumbura, “We uko na kichwa ya ndege. Basi ukae, ndege nayo inajenga.”

Mzee Hamadi alikuwa na desturi moja ambayo wateja wote waliijua. Akishaanza kuzungusha mkono wa mashine ya kusukia, akihesabu mizunguko ya shaba kimoyomoyo, hamsalimu mtu. Mtu akiingia na salaamu yake, Mzee anainua kidole kimoja hewani, anaendelea kuzungusha, na jibu la salaamu linakuja baadaye, mgeni ameshaketi na ameshasahau. Hakuna aliyeudhika. Ukipoteza hesabu ya transfo huwezi kuiokota mahali ilipoangukia. Unafumua yote.

Sasa nieleze lile sanduku. Miaka ile mji mzima uliishi kwa sikio. Nguzo za umeme ziliangushwa huko milimani, mji ukakaa gizani, na kila nyumba ilishikamana na redio. Embargo ilikuwa imefunga mipaka, kwa hiyo betri ndogo za redio zilikuwa adimu kuliko nyama. Mzee Hamadi akabuni sanduku. Ndani kuna transfo ya kupunguza umeme, diodi nne za kuugeuza kutoka ule unaokwenda na kurudi uwe ule wa upande mmoja, na mwishoni kondansateri kubwa kama kopo la maziwa, ya kuulainisha. Penye umeme wowote, wa jenereta au wa mji ukirudi kidogo, sanduku linajaza betri ya gari, na hapo hapo redio inasema.

Na redio haikuvuma. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yetu. Leo redio ikivuma mtu anaipiga kofi, basi. Wakati ule mvumo uliweza kumeza jina la barabara. Msomaji wa habari anataja njia iliyofungwa, wewe unasikia mmm badala ya jina, kesho unatoka na baiskeli yako unaingia palepale. Kwa hiyo mteja akirudi na kusema inavuma kidogo, Mzee hakubishana. Aliongeza kondansateri nyingine juu ya ile. Akirudi tena, anaongeza ya tatu. “Sanduku ya Hamadi apana lia,” alikuwa akisema, na watu wakaichukua kama methali kutoka mtaa wa Asiatique mpaka ule wa Cibitoke. Mafundi wote tuliamini hivyo. Kondansateri ni kama mboga, nyingi haidhuru.

Hapa lazima niruke kidogo. Kondansateri, hata ukizima umeme, hubaki imeshiba na inaweza kukuuma. Tulikuwa tunaimwaga kwa kulaza bisibisi juu ya miguu yake miwili. Inatoa cheche na mlio mmoja mkavu, pa. Kabla ya vita hakuna aliyejali. Asubuhi moja karakana imejaa, tukamwaga moja kubwa bila kufikiri, na nilipoinua macho sikuona mtu. Wateja wote walikuwa wamelala chini. Mzee mmoja muuza vitambaa wa Asiatique alikuwa chini ya meza, kofia yake imebaki juu ya meza peke yake. Barabarani nako wamelala. Aliyesimama ni Mzee Hamadi tu, maana alikuwa anahesabu, na alikuwa ameinua kidole chake ili tusimsalimu. Tangu siku hiyo tunamwaga kwa kupitisha umeme kwenye ampulu, balbu ya taa. Inawaka, inafifia taratibu kama jicho la mtoto anayesinzia. Fanyeni hivyo hata wakati wa amani, bisibisi zenu zitadumu.

Mke wa Mzee tulimwita Mama Zaina. Alikuwa na ugonjwa wa sukari, anajidunga insulini kila asubuhi kabla ya chai, na anatutania sisi vijana kwamba sukari yote ya nyumba ameibeba yeye ndiyo maana chai yetu haina. Dawa yake haikukaa Jabe. Ilikaa Cibitoke, kwenye zahanati ya vyumba viwili ya muuguzi aitwaye Mama Konsolata, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha hata mvua. Yeye ndiye aliyekuwa na friji na jenereta, na katika friji hiyo alikuwa na akiba ya insulini iliyopenya embargo kwa njia ambazo hakuna aliyeziuliza. Nyingine haikujulikana itakuja lini. Mimi ndiye niliyetumwa kila mara kwenda kuchukua kichupa cha Mama Zaina, nikirudi nacho ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

Jenereta ilihitaji mazuti, yaani dizeli, na mazuti yaliuzwa kwa kunong’ona, kwa bei ya kunong’onwa. Kwa hiyo Mama Konsolata na Mzee Hamadi walipatana. Tuliweka masanduku yetu kwenye benchi ndefu uani mwa zahanati, tukayagawa sawasawa kwenye nyaya tatu za jenereta. Watu wa mtaa wanaleta betri asubuhi, wanazichukua kabla ya saa ya kufunga njia, ambapo hakuna aliyeruhusiwa tena kuwa nje, na wanachotoa kinanunua mazuti. Masanduku yanalisha jenereta, jenereta inapoza friji, friji inamtunza Mama Zaina na wenzake. Niliipenda sana mashine ile ya watu. Nilikuwa nikiisimulia kwa mama yangu kama mtu anayesimulia mechi.

Halafu friji ikaanza kujizima. Nilikuwa nimekaa nikingoja kichupa, nikasikia mota yake inasema tak, kimya. Inapumzika, inajaribu tena, inatetemeka, tak. Mama Konsolata akaniambia inafanya hivyo tangu tulipoongeza masanduku. Taa nazo zilikuwa zinapumua, zinapanda na kushuka. Nikaenda kwenye ubao wa jenereta nikagusa nyaya tatu za moto, moja moja. Vuguvugu, kawaida. Kisha nikagusa wa katikati, na hapo ndipo nilipokutana na ile ndizi.

Nilirudi Jabe mbio. Nilipomwambia Mzee, aliacha mashine katikati ya hesabu. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kabla wala baada.

Nieleze kwa nini aliacha. Fikirini watu watatu wanavuta kamba tatu zilizofungwa fundo moja, kila mmoja upande wake, kwa nguvu sawa. Fundo halisogei. Waya wa katikati ndio fundo. Nyaya tatu zikibeba sawa, zinafutana, katikati hapabaki kitu. Tulipima kwa pince, ile koleo ya kupimia umeme bila kukata waya. Nyaya tatu zilikuwa sawa kabisa. Kwenye waya wa kati mshale ulipanda kidogo tu, wala haukulingana na moto nilioushika. Baadaye ndipo tulipojua kwamba pince yetu ya bei ndogo ilifundishwa kusoma wimbi la duara tu, na likija wimbi la umbo jingine inasema uongo kwa heshima. Mkinunua, nunueni ile inayohesabu wimbi lolote.

Mzee akasema ni kosfi. Katika kazi yetu kosfi ni kipimo cha umeme unaovutwa, ni kiasi gani kinafanya kazi na kiasi gani kinapita tu kikirudi kama mgeni aliyekula bila kulima. Mota zina kosfi mbaya, na dawa yake kila msukaji anaijua: unafunga kondansateri pale umeme unapoingilia, na inapona. Mzee alikuwa ameponya mota za mji mzima namna hiyo. Tukachukua tatu nzuri, tukazifunga kwenye jenereta, tukawasha masanduku.

Jenereta ikabadilisha sauti. Ilikuwa kama mtu anayeimba na jino linamuuma. Mzee akainamisha kichwa kusikiliza, na kabla hajasema neno, kondansateri moja ikapasuka. Mlio ule wa karakana ulikuwa mchezo. Huu ulitikisa mabati. Moshi mweupe, vipande vya karatasi yenye mafuta vinashuka juu yetu kama maua ya harusi, na wagonjwa wote wako chini. Mama mmoja alikimbia na chupa yake ya maji ya mshipa, ile dripu, mkononi, tukampata barabarani ameiinua juu, asiiachie.

Mama Konsolata aliwarudisha wagonjwa vitandani kwanza. Kisha akaja uani.

“Hamadi, toa vitu vyako. Mi siwezi lalisha bagonjwa na bomu.”

“Na friji, mama?”

“Mazuti iko mu pipa haifike juma ijayo. Kama uko na dua, ombea friji.”

Akaingia ndani, akarudi na kichupa kimoja, akanipa mimi, hakumpa Mzee. Tulitembea mpaka Jabe. Milio ya bunduki ilisikika mbali upande wa milimani, na mimi nilikuwa nahesabu hatua bila kujua nahesabu nini. Masanduku yakibaki, jenereta inaungua. Yakiondoka, mazuti yanakwisha. Kila njia ilifika kwenye kile kichupa ndani ya chupa ya chai. Mama Zaina alitupokea, akatutazama nyuso, akauliza kama kuna aliyekufa. Mzee akasema hapana. Hakumweleza. Alikaa mlangoni akichezea kipande cha shaba mpaka kikakatika.

Asubuhi alikwenda kumtafuta Mwalimu Ferdinandi. Huyu alifundisha umeme kwenye shule ya ufundi iliyokuwa imefungwa kama shule nyingine, alikuwa mteja wetu, na alikuwa na osiloskopu, chombo chenye kioo kidogo kinachoonyesha umbo la wimbi la umeme. Alikubali papo hapo, nadhani alikuwa amechoka kukaa. Tulikifunga chombo kwenye blanketi, tukakibeba kwenye baiskeli kuelekea Cibitoke kama mtoto mgonjwa, na kwenye kizuizi cha barabara askari akatusimamisha. Akafunua blanketi. Akauliza ni nini. Mwalimu akamwambia ni chombo cha kuona umeme.

“Umeme inaonekana?”

“Hapa inaonekana.”

Askari akakizunguka, akaona kondansateri kwenye mfuko wangu, akarudi hatua mbili nyuma na bunduki ikapanda kidogo. Mzee Hamadi akasema kwa utulivu kwamba ni ya sanduku la redio. Askari akamtazama vizuri.

“We njo Hamadi? Sanduku yako iko kwa mama yangu. Apana lia, bana.” Akainua kamba. Tukapita, na Mzee hakutabasamu kama siku zote anaposifiwa. Nadhani alikuwa ameshaanza kuhisi kosa liko wapi.

Mama Konsolata alikubali tuwashe kwa muda mfupi, yeye mwenyewe akasimama kando ya swichi. Mwalimu akafunga chombo chake. Wimbi la jenereta linatakiwa kuwa mviringo kama kilima cha kwetu. Hili letu lilikuwa limekatwa juu, bapa kama meza. Kisha akaonyesha umeme unaoingia kwenye sanduku moja. Kioo kilikuwa kitupu, kitupu, kisha mwiba mmoja mrefu mwembamba, kisha kitupu.

Mzee akauliza ule mwiba ni nini. Mwalimu akageukia kwangu.

“Salvatori, saa ya kufunga njia ikikaribia, batu ba Asiatique banafanya nini?”

“Banakimbia bote pamoja.”

“Na mchana njia iko namna gani?”

“Iko wazi.”

“Basi njo hivyo. Batu ni bale bale. Lakini bakipita bote saa moja, njia inapasuka.”

Akatueleza polepole. Kondansateri ikiwa kubwa inakaa imeshiba muda wote, kwa hiyo inakataa umeme mpaka wimbi lifike kileleni kabisa, juu kuliko shibe yake. Hapo mlango unafunguka kidogo tu, na chakula chote cha wimbi zima lazima kiingie kwa kusukumana. Ukiongeza kondansateri, mlango unafunguka muda mfupi zaidi, na mwiba unarefuka. Jenereta na nyaya zinabeba miiba hiyo, zinachemka, na kazi inayofanyika ni ndogo. Hiyo nayo ni kosfi mbaya, ila si ile ya mota. Mwiba haujafanywa na wimbi moja. Umechanganywa na mawimbi mengi yanayokwenda mara tatu ya lile la kwanza, mara tano, mara saba, na hayo ndiyo wanayoyaita harmoniki. Yale ya mara tatu yana tabia mbaya kuliko yote. Kwenye nyaya tatu yanakanyaga kwa mguu mmoja, kwa hiyo katikati hayafutani, yanajumlishana. Wale watu watatu wa kamba wote wanavuta upande mmoja. Na kondansateri tulizofunga kama dawa? Mawimbi ya haraka hupenda kupita humo. Zilikula mpaka moja ikapasuka.

Mama Konsolata akazima. Wakabaki kusikika bata wa jirani tu.

Mzee Hamadi alikuwa bado anatazama kioo kilichozimika. “Kwa hiyo ni kondansateri yangu,” akasema. “Nimeinyamazisha huku, imelia kule. Zaina anasikia redio muzuri, na dawa yake inaoza.”

Mwalimu akajifanya anakunja blanketi.

Kisha kazi ikaanza, na mnisamehe, hapa mapigo yangu yanakwenda mbio mpaka leo. Mwalimu alijua dawa: kati ya diodi na kondansateri unafunga bobini nzito, waya uliozungushwa mara nyingi juu ya chuma, ambayo mafundi tuliiita selfu. Selfu haipendi haraka. Umeme ukitaka kuruka, inaushika shati. Ukitaka kukatika, inausukuma uendelee. Kwa hiyo watu wa Asiatique wanaanza kutoka mchana, kidogo kidogo, na njia inatosha. Mwalimu akakadiria mizunguko kwa kuchora chini kwa kijiti. Vyuma tulivipata kwenye transfo zilizokufa. Na Mzee akaleta lile ambalo yeye alilijua kutoka kwenye mashine za kuchomea vyuma: chuma cha selfu hakifungwi kabisa. Umeme wa upande mmoja unakijaza, na kikijaa kinalala, hakizuii tena kitu. Lazima uache mwanya mwembamba kati ya vipande viwili vya chuma, na ujaze mwanya huo kwa kitu kisicho chuma, kisichobonyea.

Tukatafuta. Jalada la daftari lilikuwa laini, joto likalifanya kama chapati. Bati haifai, ni chuma. Plastiki ilinuka. Mama Zaina alikuwa ameleta chai, amesimama anatutazama tukibishana juu ya unene wa karatasi kama wanaume wanaochagua ng’ombe. Kufikia hapo alikuwa anajua kila kitu. Mji ule haukuwa na siri. Akaingia ndani akarudi na karatoni tupu ya insulini yake, ile ngumu yenye kung’aa.

“Na hii je?”

Mzee akaipima kati ya vidole viwili. Akaikata vipande kwa mkasi, akaviweka kwenye mwanya, akakaza. Baadaye Mama Konsolata alitukusanyia karatoni za wagonjwa wote wa sukari wa mtaa, kwa hiyo kila selfu iliyotoka Jabe ilikuwa na kipande cha mtu ndani yake.

Haikuwa rahisi. Ukiweka selfu, umeme unaotoka unashuka, betri hazijai. Ikabidi Mzee afumue upande wa pili wa kila transfo na kuongeza mizunguko. Alihesabu tangu alfajiri mpaka saa ya kufunga njia, kidole kiko juu, karakana haina salaamu. Tukatoa zile kondansateri za ziada, tukaacha ndogo. Na selfu zikaanza kulia. Chuma chenye mwanya kinatikisika. Tulikichovya kwenye vanishi ya moto, tukapiga kabari za mti, mlio ukapungua lakini haukuisha. Sanduku la Hamadi likawa linavuma.

Tulirudi Cibitoke na masanduku mapya, pipa la mazuti linakaribia kulia tupu. Mama Konsolata alinyoosha kidole.

“Moja tu kwanza. Ikifanya kama juzi, mi nakutupa weye na baiskeli yako.”

Tukawasha moja. Tukaongeza la pili, la tatu, mpaka benchi likajaa. Mkono wangu ulikuwa kwenye waya wa katikati, na sikuuondoa. Friji ikaanza kunguruma. Sote tukawa tunangoja ile tak. Mwalimu alikuwa anatafuna kijiti. Mzee amefumba macho. Mgonjwa mmoja akataka kuuliza kitu, Mama Konsolata akainua kidole kimoja hewani, sawasawa kama Mzee akihesabu, na mgonjwa akanyamaza. Waya ulipata vuguvugu, kama paji la mtoto aliyekuwa anacheza juani. Ukakaa hapo. Haukupanda. Friji ikaendelea kunguruma, na masanduku yakavuma juu ya benchi lao.

Mama Konsolata akafungua friji, akasoma kipimajoto, akafunga.

“Mutafute mazuti,” akasema. “Betri zije kesho.”

Mwalimu alituonya tusijisifu, hatujaua harmoniki, tumezituliza tu. Kwa hiyo tukaongeza waya wa pili kando ya ule wa katikati, unene mara mbili. Nanyi fanyeni hivyo popote penye chaja nyingi, kompyuta nyingi, au taa hizi mpya. Msimwamini anayewaambia waya wa katikati uwe mwembamba.

Mzee alianza kuyaita masanduku yote ya zamani ya mjini yarudi kuwekwa selfu. Wengine walikataa. Muuza vitambaa wa Asiatique alimwambia mbele ya watu kwamba amezeeka, zamani kazi yake ilikuwa kimya. Mzee akamjibu, “Ile ya zamani ilikuwa mubaya. Ilijua kunyamaza tu.” Wapo waliohamia kwa mafundi wengine, na mafundi hao waliendelea kujaza kondansateri. Iliniuma kuliko ilivyomuuma yeye. Mimi nilikuwa nazungukazunguka karakana nikiota sanduku litakalovuta umeme kwa umbo lilelile la wimbi, laini kabisa, bila mwiba. Nikamwuliza Mwalimu kama inawezekana. Akasema huko nje wameshatengeneza, kuna kifaa kinachokatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na kuuchonga ufuate wimbi. Nilifurahi mpaka sikulala. Leo kiko ndani ya kompyuta zenu, na mnakitupa kikiungua. Nikikiona kwenye takataka za Jabe nakiokota kwa heshima.

Mzee Hamadi alifariki amani iliporudi, kitandani kwake, kama alivyotaka. Mama Zaina yupo. Sanduku la nyumbani kwake ndilo lililokuwa la kwanza kuvuma, na siku zile nilijitolea kulikaza zaidi ili lisimsumbue. Alikataa. “Iache ivume,” alisema. “Ikinyamaza nitajua kuna kitu.”

Mwezi uliopita alinipigia simu. Limenyamaza. Mke wangu alinirudishia bisibisi moja, moja tu, kwa masharti. Nikaenda. Nikalifungua juu ya mkeka, nikamwaga kondansateri kwa ampulu, nikalegeza selfu. Karatoni ya zamani ilikuwa imeliwa na vanishi na miaka, imekuwa kahawia, herufi nusu nusu. Chuma kilikuwa kimegusana na chuma, mwanya umekwisha, selfu imelala. Nikamwuliza kama ana kitu kigumu cha kuweka. Akasimama taratibu, akaenda kwenye friji yake, akaniletea karatoni ya insulini ya mwezi huu. Karatasi ya siku hizi ni nyembamba. Nikaikunja mara mbili, nikaikata, nikakaza kwa mikono yangu hii inayotetemeka, na yeye akanishikia kipande kimoja cha chuma kisiteleze.

Likaanza kuvuma. Nikanyoosha mkono kugusa waya.

“Iko muzuri, Salvatori,” akasema Mama Zaina. “Sasa uende, bibi yako anakutafuta.”